Sebule na Mkasi

Haya niliyasikia kwa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, mwaka jana mvua zilipoanza, siku tuliyoshinda chumbani kwangu tukikunja mashuka. Yeye ameshika ncha mbili, mimi nimeshika ncha mbili. Tunakaribiana, tunaachana, tunakaribiana tena, na kila tukikutana katikati ananiambia kidogo. Kwa hiyo nimeyapata vipande vipande. Palipoachana nimeunga mwenyewe kwa uzi wangu, ila kitambaa ni chake.

Wifi na mumewe ni mafundi wa magodoro. Duka lao liko kwenye mtaa unaoteremka kwenda ziwani, chumba kimoja kirefu chenye meza pana, cherehani karibu na dirisha, na kule nyuma magunia ya sufi yamepandana mpaka darini. Ukipita nje asubuhi utaziona nyuzi za sufi zikielea kwenye mwanga wa dirisha. Zinapanda polepole, zinabadili mawazo, zinashuka. Wateja huingia mle wakisema kwa sauti ya barabarani, na baada ya muda mfupi wanajikuta wananong'ona, wala hakuna aliyewaambia wanyamaze.

Mume wa wifi mtaani wanamwita Bwana Godoro. Kwangu mimi ni shemeji, mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kuvuta shazia, ile sindano ndefu inayotoboa godoro upande huu ikatokea upande wa pili.

Wana desturi moja mle dukani, waliyoirithi kwa baba yake shemeji. Godoro haliuzwi kwa kubonyezwa na kidole. Mteja anavua viatu, analala, na muuzaji anampa mgongo. Anageuka kabisa, anakwenda dirishani, anatazama nguo za majirani zikikauka kwenye kamba. Yule mzee alikuwa akisema mtu akitazamwa hawezi kulala, anaweza tu kuigiza. Wifi ameifuata desturi hiyo tangu alipoolewa. Ameshawapa mgongo mahakimu, maharusi, wauguzi na wapiga debe. Mara moja jirani yao mpiga picha alipitiwa na usingizi mle hadi mkewe akaja kumtafuta. Mke naye akaambiwa ajaribu upande wa pili wa godoro, na wote wawili waliamshwa duka lilipokuwa linafungwa. Godoro lile walilichukua bila maswali.

Sasa usingizi wa shemeji ukapotea.

Hakuna aliyejua ulikokwenda. Hakuwa na homa, hakuwa na ugomvi na mtu. Daktari alimpima, akasema mwili ni mzima, apunguze chai. Akaacha chai kabisa, akawa mtu asiyelala na asiye na chai. Usiku alilala chali akitazama dari kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Na wifi yuko pembeni yake, ameegemea kiwiko, anamtazama.

"Umelala?"

"Bado."

Wifi anasikiliza pumzi zake, kama zinarefuka, kama zimefupika.

"Na sasa?"

"Mama watoto, nikilala nitakuambia."

Mchana ndipo usingizi ulipomchezea. Ulikuwa wa mang'amung'amu, unakuja akiwa ameketi kwenye cherehani, unamfunika kama kivuli cha wingu, halafu unaondoka. Siku moja ulimfunika mguu ukiwa bado unakanyaga, na sindano ikapita kwenye kidole gumba. Wifi alimkuta ameketi ametulia, anakitazama kidole kilichoshonwa kwenye pindo la godoro, hata hajaita mtu. Alisema alikuwa anaota anashona maji.

Binti yao mkubwa alipopata habari alikuja. Huyo ni mtu wa maneno machache, ana karakana yake ya mapazia mji wa pili, na amerithi urefu wa baba yake.

"Baba, sikuja kugombana," alisema. "Lakini kidole cha pili sitakisubiri. Mwisho wa mwezi nakuja na gari. Kama bado hulali, cherehani naichukua."

"Na mimi nifanye nini?"

"Upumzike."

"Ndicho hicho kinachonishinda," akasema shemeji.

Wifi hakumtetea. Usoni alikuwa upande wa binti, moyoni alikuwa upande wa mumewe, maana alijua mtu yule akiondolewa mashine yake atabaki kama foronya iliyotolewa mto. Kwa hiyo palikuwa na jambo moja tu la kufanywa kabla gari halijafika: usingizi urudi.

Na ulikuwa umeonekana mara moja. Katika miezi hiyo ya macho makavu, shemeji alipeleka mzigo wa magodoro ng'ambo ya ziwa, kwenye hosteli ya wanafunzi. Wifi alibaki dukani. Ule mzigo ulirundikwa kwenye boti ya mizigo, shemeji akapanda juu yake ili upepo usiuchukue, na boti ilipoondoka tu, akauchapa usingizi. Alilala wakashusha mzigo chini yake, wakamshusha na yeye pamoja na godoro la mwisho, wakampandisha tena. Alirudi nyumbani jioni uso umelainika kama uliopigwa pasi.

"Ni maji," alisema wifi. "Maji ndiyo dawa yako."

Kununua boti lilikuwa neno lao la siku nyingi, la uzee. Sasa likawa la wiki hii.

Pale gatini kuna muuza boti ambaye ni mtu mnene, akishaketi kwenye kiti chake cha kamba hang'oki, ndiyo maana wanamwita Nanga. Aliwasalimu akiwa ameketi.

"Shikamoo mzee wangu. Shikamoo mama. Mniwie radhi, kiti kimenishika."

Alikuwa na boti mbili zilizobaki, zimefungwa upande huu na upande huu wa gati, na kwa jinsi alivyozisifia ungedhani anaoza mabinti.

"Hii ya kwanza, mama, ni sebule. Chini kuna mitungi miwili ya bati, mirefu, imezibwa pande zote, ndani hewa tupu. Juu ya mitungi wameweka sakafu bapa. Viti vya mto vinatazamana, mnapiga soga, kivuli juu yenu. Wajukuu wakimbie wapendavyo, haitingishiki."

Wifi alivua viatu, akaingia. Kweli, ilikuwa kama kuingia kwa mtu. Sakafu haikusogea hata kidogo. Akaipima kwa macho, mkono wake tayari unatafuta futi ya kupimia mfukoni.

"Na ile?" aliuliza shemeji.

"Ile ni mkasi, mzee. Angalia kifua chake. Kuna boti ambazo tumbo lake ni herufi V tupu, toka puani hadi nyuma. Zile zinapasua mawimbi vizuri lakini zikisimama hazikai. Hii wameilegeza V yake. Mbele ni kali, ila kadiri unavyorudi nyuma tumbo linalala, linalala, karibu liwe bapa. Inalikata wimbi, halafu inalikalia."

"Ikisimama?" aliuliza wifi kutoka kwenye sebule.

"Inayumba kidogo, mama."

"Kidogo kama nini?"

"Kama mtu anayetoka harusini."

Mle ndani mlikuwa na viti viwili mbele, vyote vimetazama puani, na nyuma yake nafasi nyembamba baina ya ubavu na ubavu, ambapo ungeweza kuweka mizigo au mtu mmoja aliyechoka. Shemeji alipitisha kiganja kwenye kifua cha boti ile, kuanzia penye makali hadi panapolainika, jinsi anavyopitisha kiganja kwenye godoro ambalo limejazwa vizuri. Wifi alimwona.

Nyumbani walibishana kwa upole, wakiwa wamekaa pande mbili za meza ya kukatia.

"Mtu anatafuta usingizi, halafu anataka boti inayolewa," alisema wifi.

"Nimesema naitaka? Nimeishika tu."

"Nakujua unavyoshika ukitaka."

"Ina umbo zuri."

"Hata shazia ina umbo zuri, mbona huilalii?"

Shemeji akacheka, na wifi akaona ameshinda. Wala hakungoja. Boti bado ni ya Nanga, hata haijaondoka gatini, yeye keshakata kitambaa cha godoro la sebule, pana, bapa, kutoka kiti hadi kiti. Walishona wote wawili siku nzima, sufi ikielea juu ya vichwa vyao, yeye kwenye cherehani na mumewe akivuta shazia kwa mkono mzima, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Fundi mwingine yeyote angesubiri boti inunuliwe. Hawa, kwao, kitu kisichokuwa na godoro hakijajulikana bado ni kitu gani.

Wakaenda kuijaribu Sebule asubuhi ambayo ziwa lilikuwa limelala. Maji yalikuwa meupe kuliko mbingu, na huko mbali mpaka wake haukuonekana. Palikuwa na weupe tu, na ndege mmoja mmoja akining'inia ndani yake kama alama ya chaki. Nanga alishika usukani. Godoro likatandikwa, shemeji akavua viatu, akalala chali. Wifi akaketi kwenye kiti kilichomwelekea. Ilikuwa raha. Boti haikuyapasua yale maji. Iliyatandika, ikapita juu yake, na nyuma hapakubaki hata kunyanzi.

Walipofika mbali Nanga akazima injini.

"Sasa, mzee wangu, hapa hata mawazo hayakufikii."

Kimya kikashuka. Maji yalikuwa yanalamba katikati ya mitungi, polepole, kama paka anayemaliza maziwa. Kivuli cha turubai hakikusogea. Wifi alimtazama mumewe, kope zake, kifua chake, kidole kilichofungwa. Kope zilitulia. Wifi akazuia pumzi. Kope zikatulia zaidi. Wifi akainama kidogo aone vizuri.

Jicho moja likafunguka.

"Unaonaje?" akauliza wifi.

"Nakuona wewe."

"Lala basi."

"Ndiyo nalala."

Akafumba. Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja amefumba macho na mwingine amefumbua, na usingizi wote uliokuwepo juu ya maji yale ukakosa pa kwenda. Mwishowe ukapata. Kule kwenye usukani kukasikika mlio kama wa gogo linaloburutwa kwenye mchanga. Nanga alikuwa amelala.

Shemeji alikaa kitako. "Angalau usingizi umepata mtu," alisema.

Walimwita. Walimtikisa. Mtu yule hakung'oka, kweli ni nanga. Na upepo mdogo ulikuwa umeamka, nao ukaikuta Sebule, pana na nyepesi, ikiwa na turubai lake juu kama tanga, ukaanza kuisukuma kiubavu kama mtu anavyosukuma sinia mezani. Waliteleza hivyo, bila kelele, hadi kwenye matete, wakazungukwa na majani marefu yanayonong'ona. Wifi aliniambia palikuwa pazuri, na kama si wasiwasi angekaa. Lakini alikuwa ameangalia Nanga alivyofanya, akageuza ufunguo, akarudisha boti nyuma taratibu, akaielekeza gatini. Waligusa matairi ya gati. Nanga akafumbua macho.

"Mmeona?" akasema. "Haitingishiki."

Siku zile zilizobaki zilipita kama maji yanayotoka kwenye mtungi uliotoboka. Huoni yakitoka, unaona tu mtungi umekuwa mwepesi. Usiku ni "umelala?" na "bado". Mchana shemeji alizunguka cherehani bila kuigusa, anaifuta vumbi ambalo halipo. Wifi aliniambia alijaribu kila kitu. Alijaribu hata kugeukia ukutani, asimtazame.

"Nikaugeukia ukuta," alisema, na shuka likawa limesimama katikati yetu. "Lakini masikio yangu yalikuwa yamemtolea macho."

Siku moja kabla ya binti kuja, shemeji alisema, "Twende tukaijaribu ile nyingine."

"Ile ya harusini?"

"Hiyohiyo."

"Mzee wangu, kama ile iliyotulia imekushinda..."

"Ile haikunishinda. Ilimweza Nanga. Labda na hii ina mtu wake."

Walifika gatini alasiri. Ziwa lilikuwa limeamka na halikuamka vizuri; mawimbi yalikuwa yanakuja kwa mistari, yana povu vichwani, yanapiga gati na kurudi. Nanga aliyatazama, akatazama kiti chake.

"Mnaonaje kesho asubuhi? Kesho litakuwa zuri."

"Kesho binti yangu anakuja na gari," alisema shemeji. "Na mkasi hujaribiwa kwenye kitambaa, haujaribiwi mezani."

Wakavaa majaketi ya kuokolea. Godoro la Sebule halikuenea mle. Walilikunja mara mbili, wakalisukumiza nyuma baina ya ubavu na ubavu, likakaa kama kiota. Shemeji akajikunja humo. Nanga akaingia, boti ikainama upande wake, ikajinyoosha. Akamtazama wifi.

"Mama, shika usukani."

"Mimi?"

"Ile siku uliirudisha Sebule nilipokuwa... nilipokuwa nafikiri. Unaweza. Mimi nitakaa hapa kushoto nikuambie."

Alikuwa anaogopa kulala tena, masikini. Wifi akakaa kulia, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Sasa sikiliza," alisema Nanga. "Macho mbele. Wimbi lije likukute na pua, usilipe ubavu. Nyuma sahau. Ukigeuka tu, hili la mbele linakuchukua."

Wakatoka. Wimbi la kwanza lilipokuja wifi alifumba macho, na pua ikalikata. Halikupiga kelele, lilifunguka tu pande mbili, jinsi kitambaa kipya kinavyofunguka mkasi ukiwa mzuri na mkono haujaubana. La pili likaja, naye alikuwa ameshafumbua. Akaligeuzia pua kidogo, likafunguka. La tatu. Mikono yake ikaanza kujua. Kukata kwa mstari mnyoofu ndiyo kazi yake tangu ujana. Huangalii makali, unaangalia pale unapokwenda, makali yanafuata. Mbele yake ziwa zima lilikuwa jora moja la rangi ya majivu lisilo na mwisho, linakunjuliwa na mtu asiyeonekana, na yeye anakata, anakata. Nyuma injini inanguruma sauti moja. Matone yanarukia uso wake. Hakuwaza cherehani wala gari la binti. Aliniambia, na hapo aliacha kabisa kukunja, kwamba hakumwaza hata mumewe.

Kuna rasi inayoingia ziwani, ina miti mirefu, na nyuma yake maji huwa yametulia hata upepo uwe vipi. Walipoizunguka mawimbi yakaisha kwa mara moja, kama mlango umefungwa. Wifi akapunguza mwendo. Ndipo akakumbuka kuna mtu nyuma. Shingo ikaanza kugeuka.

Nanga, aliyekuwa ameshatupa jicho nyuma, akamgusa mkono.

"Mama," alisema kwa sauti ya ndani ya duka la magodoro. "Usigeuke."

"Kuna nini?"

"Mzee anakoroma."

Wifi hakusikia kitu, injini ilikuwa inafunika. Alikaa ameshika usukani, shingo nusu imegeuka, na kila kitu ndani yake kinataka kuona. Miezi mingapi amelisubiri jambo hilo, sasa liko nyuma yake, hatua chache tu, na lingetosha jicho moja. Aone tu kope. Aone kama mdomo umefunguka kidogo, jinsi ulivyokuwa ukifunguka zamani.

Akatazama mbele. Aliniambia alitafuta dirisha. Hapakuwa na dirisha wala nguo za majirani. Palikuwa na miti ya rasi imesimama kichwa chini majini, akaitazama hiyo. Akakumbuka mahakimu na maharusi na mpiga picha na mkewe. Watu wote wale, hata wasiomhusu, aliwapa mgongo wakalala. Mume wake peke yake ndiye aliyemkodolea macho.

Hakuzima injini, maana kimya kingeweza kumwamsha. Aliizungusha boti polepole kwenye maji yale yaliyotulia, mduara mpana, na ulipokwisha akauanza tena juu ya ule wa kwanza, kama mtu anayerudia mshono ili usifumuke. Jua likawa linapita bega la kulia, linapita mbele, linapita bega la kushoto.

"Mama, mafuta," alinong'ona Nanga.

"Yanatosha kurudi?"

"Ukirudi sasa."

"Mduara mmoja zaidi."

Mduara mmoja ukawa na ndugu zake. Mwishowe ikabidi arudi, akapita tena kwenye mawimbi, sasa yanatoka nyuma na kuinyanyua boti na kuishusha, kuinyanyua na kuishusha. Hata walipogusa gati, boti ikayumba ile yumba yake ya harusini, shemeji hakuamka. Walimwacha. Wifi alikaa pale pale, mgongo umenyooka, mikono kwenye usukani wa boti iliyofungwa kamba.

"Tumefika wapi?" sauti ikauliza nyuma yake, muda mrefu baadaye. Ilikuwa nzito, kama inatoka ndani ya gunia.

"Hatujafika popote. Naweza kugeuka?"

"Geuka."

Akageuka. Shavuni mwa mumewe palikuwa na alama ya kifungo cha godoro, duara, imeingia ndani.

"Leo ulinipa mgongo," alisema shemeji.

"Mawimbi yalinilazimisha."

"Wala hukunisikiliza."

"Nilikusahau, baba watoto. Nisamehe."

"Nisahau tena kesho," akasema shemeji.

Hawakuzungumza zaidi kuhusu boti ipi wanunue. Nanga alisema tu, kwa huzuni kidogo, kwamba Sebule ingewafaa wajukuu, na wifi akamwambia wajukuu hawana shida ya kulala, wana shida ya kuamka. Usiku ule shemeji alitazama dari kama kawaida, lakini wifi hakumuuliza. Alikuwa kwenye meza ya kukatia na mshumaa wake, anafumua godoro pana la Sebule na kulikata upya, pana kichwani, jembamba miguuni. Vipande vilivyobaki akavishonea mto mmoja mkubwa, wa Nanga.

Binti alikuja na gari kesho yake mchana, amefuatana na turubai na kamba za kufungia. Akakuta duka limefungwa, cherehani inaonekana kupitia kioo, mwanga umeiangukia na sufi inazunguka juu yake. Akateremka hadi ziwani. Gatini alimkuta Nanga amehamia Sebule, amejilaza kwenye kiti, mto mpya chini ya kichwa.

"Wazazi wangu wako wapi?"

Nanga alinyoosha kidole, hakunyanyua kichwa. Mbali, kwenye maji yaliyotulia chini ya rasi, palikuwa na boti ndogo. "Sema polepole, dada," alisema.

"Watasikia kutoka kule?"

"Sijui. Lakini sema polepole."

Binti alisimama, mikono kiunoni. Kutoka pale aliona vichwa viwili; kimoja cha mama yake, mbele, kimetazama upande wa miti. Kingine hakikuwa kichwa. Zilikuwa nyayo mbili ndefu zilizotokeza juu ya ubavu wa boti, pekupeku, zimeachana jinsi nyayo za mtu zinavyoachana akishasahau kwamba anazo. Alizijua nyayo zile. Akazitazama, na hazikusogea.

"Tangu saa ngapi?" aliuliza, sasa ananong'ona.

Nanga alikuwa keshafumba macho. Mlio wa gogo ulikuwa umeanza. Binti akakaa kwenye kiti kilichoelekea, akaweka zile kamba za kufungia cherehani sakafuni. Alisema atasubiri kidogo tu, awaambie kwamba anarudi na gari tupu. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri. Sebule haikutingishika, maji yakalamba katikati ya mitungi, na kichwa chake kikapata pa kuegemea.

Kule chini ya rasi wifi alikuwa ameshusha nanga, ile ya chuma, akazima injini, na safari hii kimya hakikumtisha. Boti ilianza kuyumba, huku, halafu huku. Nyuma yake palikuwa na sauti ndogo, na hakuitega masikio. Aliiacha ipite pamoja na sauti za majani. Aliitazama miti iliyosimama kichwa chini majini. Kila boti ikiyumba miti ile ilikunjika, ikakunjuka, kama shuka kati ya watu wawili, wanakaribiana, wanaachana, wanakaribiana. Alikusudia kuangalia mpaka ikunjike yote na kuwekwa kabatini. Mikono ikateleza kwenye usukani, ikaangukia mapajani. Kidevu kikashuka kwenye jaketi lile nene, na hapo wifi naye akalala.